Mkono wa Fundi na Chupa ya Mzee

Watu wa mtaani walimwita Fundi Cheche. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na sauti yake ilizoea kushindana na mashine. Hata akiomba chumvi mezani, majirani wote walijua kwamba leo kwake mchuzi haukukolea.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Mkewe alikuwa msusi, na kazi yake aliifanyia kwenye baraza ya nyuma. Mbele cheche zikiruka, nyuma vicheko. Watoto wao walikuwa wakubwa na walishahamia kwao, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, wakitaniana kutwa nzima.

Siku hiyo asubuhi Fundi hakuwasha mashine. Alikuwa jikoni, amepiga magoti mbele ya ndoo nyeupe ya plastiki. Alifunua mfuniko. Akachungulia. Akaufunika. Akaufunua tena.

"Mume wangu," mkewe alisema, "hiyo ndoo ingekuwa mchumba, ingeshakukimbia. Mbona huipi nafasi?"

"Haitoi povu," Fundi alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo peke yake lilimshtua mkewe.

Ndani ya ndoo mlikuwa na maji matamu ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa na kusagwa. Fundi alikuwa anatengeneza bia ya nyumbani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alichemsha kimea, akachuja, akapoza, akatia hamira. Hiyo ilikuwa juzi. Kwa kawaida, kufikia leo ndoo ingekuwa imejaa povu na vijipovu vingekuwa vinapanda kutoka chini. Lakini maji yalikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Ingekuwa bia tu, Fundi angeimwaga na kwenda zake. Shida ni kwamba kimea kile kilikuwa cha Shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea Fundi baada ya wazazi wake kufariki. Nyumba yake ilinukia kimea tangu Fundi alipokuwa mtoto. Shangazi ndiye aliyepika bia ya ukoo mzima. Watu wazima wa familia wakikutana, kila mmoja alipata glasi yake, na hapo ndipo walionuniana walipoanza kusemeshana. Lakini sasa vidole vya Shangazi vilikuwa vimekakamaa kwa maradhi ya viungo. Hakuweza tena kukoroga wala kubeba sufuria.

Alimwita Fundi, akampa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mfuko wa kimea, wa mwisho aliouotesha kwa mikono yake. Cha pili kilikuwa chupa ya jemu iliyojaa kitu kizito, cha rangi ya maziwa ya chai. Familia nzima iliijua chupa ile. Waliiita Mzee.

Mzee ilikuwa hamira. Kila bia ilipokwisha kuiva, Shangazi alichota hamira iliyotuama chini ya ndoo, akaitunza kwenye chupa safi ndani ya friji mpaka upishi mwingine. Na kabla yake, mama yake alifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo Mzee alikuwa mkubwa kuliko wote.

"Nitakuja kuonja," Shangazi alimwambia. "Ikiwa nzuri, sufuria langu kubwa nakuachia wewe. Ikiwa mbaya, basi, mwanangu. Nampa muuza vyuma chakavu, na bia ya kwetu itakuwa imeishia kwangu."

"Shangazi, usiwe na wasiwasi!" Fundi alinguruma. "Mimi moto naujua!"

Sasa alikuwa amepiga magoti jikoni, na jasho jembamba lilikuwa linamtoka.

"Nikamwambie nini Shangazi?" alisema. "Kwamba amenipa kazi moja tu, nikaiharibu? Amenilea yule mama. Hajawahi kuniomba kitu."

Mkewe aliacha utani. Alimwona jinsi alivyoshika ndoo kwa mikono miwili, naye akamwonea huruma.

"Kimbia kwa Mama Mkate," alisema.

"Mama Mkate anaoka mikate. Hapiki bia."

"Na mikate yake inaumuka kwa nini? Kwa maombi? Si kwa hamira? Haya, nenda."

Mama Mkate alikuwa na tanuri lake nyumba ya pili. Alikuja bila kunawa, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na maneno hayakumwishia.

"Haya, mgonjwa yuko wapi?" aliuliza.

"Huyu hapa," Fundi alisema, akaonyesha ndoo.

Mama Mkate alinawa mikono vizuri kwa sabuni. Kisha akainama, akafunua mfuniko, akanusa.

"Umetia hamira lini?"

"Juzi."

"Ingekuwa jana, ningekwambia tulia. Hamira nyingine huchelewa kuamka, wala si dhambi. Lakini tangu juzi! Hapana, hapo pana jambo. Ndoo ilikaa wapi? Penye baridi?"

"Hapa hapa jikoni. Hapana baridi wala jua."

"Vizuri. Na harufu haijawa mbaya. Bado inanukia utamu." Alichota kidogo kwa kijiko safi, akaonja. "Na ni tamu kama soda. Unajua maana yake?"

"Kwamba ni nzuri?"

"Kwamba hakuna aliyeigusa, Fundi. Hamira ni kitu kilicho hai. Kidogo mno, jicho halikioni, lakini kinakula. Chakula chake ni sukari. Ikila sukari, inatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo povu. Kwenye mkate inaumua unga. Kwenye bia inaleta vijipovu na kilevi. Sasa hii sukari yako ipo yote. Maana yake wageni wako, yaani hamira, hawakula."

"Kwa nini hawakula?"

"Ama wamelala, ama wamekufa. Hatuwezi kujua kwa kuangalia. Tutaipima. Nipe kikombe safi, sukari kijiko kimoja, na maji ya vuguvugu."

Fundi alifurahi kupata kazi ya kufanya. Alichemsha maji kwenye birika. Akayamimina kikombeni, akaongeza maji baridi kidogo, akachovya kidole. Akakiacha humo, akatafakari, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vuguvugu safi kabisa," alisema, akampa Mama Mkate kikombe.

Mama Mkate alichovya kidole.

"Uwiii!"

Aliruka nyuma, akagonga mlango wa kabati, sufuria mbili zikaanguka. Kidole akakitia mdomoni.

"Fundi! Unataka kuniua?"

"Kwani vipi?"

"Vipi nini? Yanaunguza!"

"Haya?" Fundi alichovya kidole tena. Kikakaa mle ndani kimetulia, hakina habari. "Mbona ni ya kawaida tu?"

Mkewe alikuja, akagusa kwa ncha ya kidole, akautoa mkono haraka.

"Ala! Mume wangu, haya ni ya kunyonyolea kuku!"

Mama Mkate alitoa kidole mdomoni, akaukamata mkono wa Fundi, akaugeuza kiganja juu. Kilikuwa kigumu, kimejaa sugu na makovu madogo meusi ya cheche. Akakigonga kwa kijiko. Kikalia kama meza.

"Niambie," alisema polepole. "Ile siku ulipotia hamira, ulijuaje kwamba maji ya kimea yamepoa?"

"Kama alivyonifundisha Shangazi. Alisema, 'Subiri yapoe. Ukiona mkono wako unavumilia, mtie Mzee.' Nikatia mkono. Ukavumilia."

"Ukavumilia!" Mama Mkate alipiga makofi. "Jamani, mkono huu si ungevumilia hata ukiwekwa jikoni badala ya kuni! Mkono wa Shangazi ni ngozi. Wako ni chuma. Kwake yeye vuguvugu ni vuguvugu. Kwako wewe vuguvugu ni moto wa kweli."

Fundi aliutazama mkono wake kama vile ndiyo kwanza auone. Alifuata maelekezo neno kwa neno, wala hakuwa na haraka. Alisubiri kabisa mpaka mkono wake ukavumilia, na kumbe mkono wake ulivumilia mapema kuliko wa watu wengine wote.

"Basi sikiliza," Mama Mkate alisema. "Hamira ikiwa kwenye baridi inalala. Haifi, inalala tu, unaweza kuiamsha. Lakini ikikutana na maji ya moto, inakufa. Na ikifa imekufa, hata uibembeleze vipi. Hebu, msusi, tengeneza wewe maji. Usipime kwa kidole. Dondosha matone hapa ndani ya kifundo cha mkono, pale unapopimia maziwa ya mtoto. Usisikie moto, usisikie baridi."

Mkewe alitengeneza maji, akayapima kwenye kifundo. Wakatia sukari. Mama Mkate akachota uzito uliotuama chini ya ndoo, akautia kikombeni, akakoroga taratibu. Wakakaa kungoja.

Mama Mkate alisimulia habari za mteja aliyerudisha mkate ulioliwa nusu. Mkewe alicheka. Fundi hakusikia neno. Macho yake yalikuwa kikombeni.

Hakuna kilichotokea. Robo saa ikapita, wakaongeza nyingine kama hiyo. Kikombe hakikutoa hata kijipovu kimoja.

"Pole, Fundi," Mama Mkate alisema. "Amekufa."

Fundi alikaa sakafuni pale pale.

"Nimemuua Mzee," alisema. "Bibi amemtunza, Shangazi amemtunza, mimi kaja kwangu siku moja nikamchemsha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ningeweza kununua hamira nyingine dukani, najua. Bia ingetoka. Lakini Shangazi ataonja mara moja tu na atajua si Mzee."

Mkewe alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu anayetaka kusema jambo na hajui atapokelewaje. Kisha alikwenda kwenye friji. Akasogeza nyanya, akasogeza bamia, akainua mfuko wa pilipili. Nyuma kabisa alitoa kichupa kidogo, cha aina ile anayowekea mafuta ya nywele, kimeoshwa kikang'aa. Ndani yake mlikuwa na kitu kizito, cha rangi ya maziwa ya chai. Hakikuzidi kijiko kimoja.

Fundi aliinuka taratibu.

"Hiyo ni nini?"

"Mzee," mkewe alisema. "Kidogo tu. Nilimchota kabla hujamgusa. Kichupa nilikichemsha kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema sikuamini."

"Kwani uliniamini?"

"Mume wangu, nakupenda. Lakini si wewe uliyechomelea mlango wa banda la kuku ukauziba kabisa, ukapiga na rangi, kuku wote wakiwa nje?"

Mama Mkate aliangua kicheko mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. Fundi naye alitaka kukasirika, akashindwa. Alimkumbatia mkewe, kichupa na yote, na machozi yakamlenga.

"Taratibu, utamvunja," mkewe alisema.

"Msishangilie bado," Mama Mkate alisema. "Huyu amelala kwenye baridi, na ni kidogo. Hatujui kama yuko mzima. Mwacheni kwanza apoteze ubaridi wa friji. Ukimtoa kwenye baridi ukamtupa kwenye joto, anashtuka. Hata wewe ungeshtuka."

Kichupa kikawekwa mezani. Baadaye mkewe alitengeneza maji mengine ya vuguvugu na sukari, akayapima kwenye kifundo cha mkono. Wakamtia Mzee kikombeni, wakakifunika kwa kitambaa safi.

Wakangoja. Hakuna kitu.

"Tumwongezee joto kidogo," Fundi alisema, mkono tayari uko kwenye birika.

"Kaa chini!" wanawake wote wawili walisema kwa pamoja.

Akakaa chini. Akakuna kichwa. Akasimama, akakaa tena. Mama Mkate akaenda kutazama tanuri lake, akarudi. Ndipo mkewe alipofunua kitambaa, akainama, akanyamaza.

"Nini?" Fundi aliuliza. "Sema basi! Nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Pembeni mwa kikombe palikuwa na kijipovu. Halafu kingine kikapanda. Halafu vikawa vitatu vimeshikana. Muda mfupi baadaye povu jembamba jeupe lilizunguka kikombe chote, na harufu ikawa ya mkate mbichi.

"Ameamka!" Fundi alipiga kelele, na mteja aliyekuwa getini akikagua dirisha lake alidhani nyumba inaungua.

"Sasa msimpeleke kwenye ndoo nzima," Mama Mkate alisema. "Ni wachache na wamechoka. Ukimpa mtu aliyetoka usingizini shamba zima alime, ataweza? Mlisheni kidogo kidogo. Choteni kwenye ndoo maji ya kimea ya kujaza kikombe, myachemshe, yapoe kabisa, mumpe. Kesho akitoa povu vizuri, mumpe ya kujaza chupa. Vyombo vyote vichemshwe au vioshwe kwa maji ya moto. Visafi vya kweli, si visafi vya kufuta na shati."

Fundi aliachia pindo la shati alilokuwa ameshika.

"Na ndoo yangu?" aliuliza. "Kimea cha Shangazi ndicho hicho, hakuna kingine."

"Bahati yako, haijaoza. Ingenuka vibaya au kuota ukungu, ningekwambia mwaga. Sasa imimine kwenye sufuria uichemshe tena leo hii, ichemke kweli kweli, ili kilichoingia humo kife. Funika, weka mahali safi. Siku Mzee akiwa tayari, chemsha tena, halafu ipoe. Ipoe mpaka lini?"

"Ipoe mpaka mkono..." Fundi alianza, akajikatiza. "Mpaka mkono wa mke wangu useme."

"Hapo sawa. Na mkipata kipimajoto, nunueni. Lakini kifundo cha mtu mwenye ngozi ya kawaida kinatosha."

Wakafanya hivyo. Fundi alimlisha Mzee kama mtoto mchanga. Wateja walimkuta akitembea karakanani, miwani ya kuchomelea imepanda juu ya kichwa, akimtikisa Mzee kwenye chupa taratibu ili apate hewa. Mfuniko hakuukaza, kwa sababu Mama Mkate alishamwonya: hamira ikitoa hewa ikakosa pa kutokea, chupa inapasuka.

Mzee alipoijaza chupa kwa povu, maji ya ndoo yalichemshwa tena. Fundi alisimama kando ya mkewe.

"Yamepoa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, mume wangu. Nenda kachomelee kitu."

Hatimaye mkewe alisema sawa. Mzee aliingia ndooni. Siku iliyofuata, Fundi alipofunua mfuniko, povu lilikuwa limepanda nene, la rangi ya malai. Hakuthubutu kuchungulia mara mbili. Aliufunika mfuniko kwa ulegevu, akatoka kwa ncha za vidole, jambo ambalo mtu wa mwili ule hulifanya kwa taabu.

Bia ilipomaliza kuchachuka ikatulia, wakaitia kwenye chupa, wakaipa muda wa kuiva. Mzee aliyetuama chini ya ndoo wakamgawa mara mbili. Chupa moja ilikwenda kwenye friji yao. Nyingine ilikwenda kwenye friji ya Mama Mkate, maana sasa walikuwa wameshika adabu.

Shangazi alikuja kwa teksi. Alikaa kwenye baraza ya nyuma, kwenye kiti cha wateja wa kusuka, akaletewa glasi. Aliishika kwa viganja viwili, kwa sababu vidole havikukunjika. Aliinusa kwanza. Akanywa kidogo. Akafumba macho.

Fundi alikuwa amesimama mbele yake. Alishindwa kungoja.

"Shangazi, kabla hujasema, nilimuua Mzee," alisema. "Nilimtia kwenye maji ya moto. Huyu aliyemo humo ni kijiko kimoja alichokificha mke wangu. Sikutaka uisifu bila kujua."

Shangazi alifumbua macho.

"Maji ya moto? Si nilikwambia ukiona mkono unavumilia?"

"Ulivumilia, Shangazi."

Akamnyooshea mkono. Shangazi aliuweka juu ya viganja vyake, akaupapasa ule ugumu, sugu moja baada ya nyingine. Mara ya mwisho kuushika hivi ulikuwa mkono wa mtoto, akimfundisha kukoroga. Mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi akadhani analia. Kumbe anacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni.

"Maskini Mzee wangu!" alisema, akijifuta macho. "Maisha yangu yote nasema mkono, mkono, wala sijawahi kusema mkono wa nani!" Akamgeukia mke wa Fundi. "Lete wako, mwanangu."

Mkewe akautoa. Ulikuwa laini, unanukia mafuta ya nywele.

"Eeh," Shangazi alisema. "Mkono ni huu."

Akanywa tena, safari hii akaimaliza glasi. Kisha akamwambia Fundi, "Nenda kwenye teksi, nyuma. Kuna sufuria langu humo. Nilikuja nalo, sikuwa na moyo wa kulipeleka kwa wa vyuma chakavu. Ni lenu wawili. Wewe koroga na beba. Yeye apime."

Fundi alikimbia. Alirudi na sufuria kubwa amelikumbatia, limepauka, lina bonde ubavuni, mpini mmoja umelegea. Alisimama nalo tu pale barazani, akitabasamu kama mtu aliyepewa nyumba.

"Huo mpini umelegea tangu enzi za mama yangu," Shangazi alisema. "Usithubutu kuuchomelea."

"Sithubutu, Shangazi," Fundi alijibu, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.